Gliserini kwa levire (hamira): nilichopata ni asali ya sisimizi

Bidoni_ya_Panzi (Bukavu)

Wakubwa kwa wadogo, salamu toka Panzi, mtaa wa Bukavu. Nina swali la kemia na swali la mfuko, yote mawili yamo ndani ya bidoni (dumu) moja.

Mimi nilimaliza lisansi (digrii) ya kemia, kazi sijapata, basi ninamsaidia shangazi. Shangazi ana kazi mbili. Ya kwanza ni kasiksi, pombe ya ndizi: ndizi zinaivishwa shimoni chini ya majani ya mgomba, zinamenywa, zinakamuliwa kwa nyasi, anatia unga wa mtama uliokaangwa, kesho yake watu wako mlangoni. Ya pili ni mafuta ya kujipaka: ananunua gliserini ya bidoni ya lita 5 kwenye depo karibu na Nyawera, anachanganya na maji na harufu kidogo, anauza kwa vichupa. Wakati wa kiangazi, vumbi likianza kupasua miguu ya watoto, anauza mpaka vichupa vinakwisha. Shida ni bei. Kila akirudi toka depo anatupa kiroba mezani na kusema, «Hawa watu gliserini yao wanaichimba wapi?»

Siku moja nikakumbuka mstari mmoja wa kozi ya biokemia. Mwalimu alisema levire inapochachusha sukari haitoi alkoli na gesi tu, inatoa na gliseroli kidogo, yaani gliserini. Alisema hivyo akapita. Mimi sikupita. Nikajiambia: juisi ya ndizi tunayo, levire ya mkate iko kila alimantasyo (duka la vyakula), kwa nini tuinunue gliserini?

Nilichofanya: juisi ya ndizi lita 15, sukari kilo 4, chumvi ngumi moja, levire vijiko 3 vikubwa. Sukari na chumvi nilizidisha makusudi, maana nilisoma kwamba levire ikibanwa na chumvi au sukari nyingi inajilinda kwa kutengeneza gliserini. Siku 3 bidoni ilitokota kama chungu cha maharagwe, siku ya 4 ikatulia. Nikangoja mpaka siku ya 9. Nikaonja: tamu sana. Nikasugua kati ya vidole: inateleza. Nikafikiri hivi: alkoli si tamu, kwa hiyo utamu huu ni gliserini. Nikachuja kwa kipande cha kitenge, nikachemsha lita 10 juu ya babula (jiko la makaa) toka asubuhi hadi saa nane, ikabaki chini ya lita 3, nzito, rangi ya chai.

Jioni nikajipaka mkono wa kushoto ili nione ngozi itasemaje. Nililala. Saa tisa ya usiku niliamka mkono unawasha; kuwasha tochi, sisimizi wametoka kwenye ufa wa ukuta, wamepanda mguu wa kitanda, wamejipanga mstari mmoja mpaka kwenye kiwiko changu. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa naomba munisaidie. Nifanye nini levire itoe gliserini zaidi: niongeze sukari, levire, ama joto? Na mtu asiye na labo (maabara) anajuaje ni kiasi gani kimo ndani?

Wa_Kadutu

Yaya, labo unayo. Sisimizi wamekupa majibu bure na hawajakuomba hata franka.

Papa_wa_Likasi (Lubumbashi)

Mwanangu, huyo wa Kadutu anatania lakini amesema kweli. Nimefanya miaka 27 kwenye chumba cha kuchachushia cha kiwanda kimoja cha bia, sasa niko nyumbani nalima mchicha, kwa hiyo muda ninao. Nitakujibu pole pole.

Ulichopika ni sukari. Juisi ya ndizi tayari ina sukari yake, wewe ukaongeza kilo 4, ukatia na chumvi. Levire imejaribu siku 3, maji yote yakavutwa nje ya mwili wake, na alkoli ikaanza kuichoma. Ikalala. Kilichobaki ndani ni tamu kwa sababu hakikuliwa. Gliserini nayo ni tamu, ndiyo maana ulimi wako hauwezi kuwa shahidi.

Una njia rahisi ya kuhakikisha. Chukua vijiko 5 vya hiyo asali yako, koroga katika nusu lita ya maji vuguvugu, tia levire mpya, vika mdomo wa chupa puto la watoto. Levire ya mkate haiwezi kuchachusha gliserini bila hewa. Kama ni gliserini, puto litabaki limelala. Kama ni sukari, kesho asubuhi litakuwa limesimama.

Kitu kimoja kabla sijaendelea. Umechemsha lita 10 zenye alkoli juu ya makala (makaa). Ulikuwa nje ama ndani ya nyumba? Mvuke wa alkoli hauonekani, unatambaa chini kuelekea moto. Usirudie hiyo ndani ya nyumba.

Sasa, kwa nini levire inatoa gliserini. Wewe ni mtu wa kemia, lakini nitakueleza kama nilivyowaeleza vijana wa stage (wanaojifunza kazi). Huku kwetu makala yanaingia mjini kwa baiskeli. Fikiri seli ya levire ina baiskeli chache tu. Kila ikikata sukari, baiskeli moja inapakiwa mzigo wa hidrojeni. Baiskeli ikikaa na mzigo, haiwezi kurudi kuchukua mwingine, kazi yote inasimama. Kwa hiyo lazima kuwe na mahali pa kushusha. Mahali pa kawaida ni juu ya asetaldehaidi, kitu kinachotoka kwenye sukari kabla ya alkoli: mzigo ukishushwa hapo, asetaldehaidi inageuka alkoli. Baiskeli inarudi tupu, mambo yanaendelea.

Lakini levire haiishi kwa kuchachusha tu, inajenga pia mwili wake, na kujenga mwili kunapakia baiskeli za ziada ambazo asetaldehaidi haiwezi kuzipokea zote. Hizo za ziada zinashushwa mlango wa pili, na kinachotoka mlango huo ni gliserini. Ni kidogo: katika gramu 100 za sukari, gramu 3 hivi. Pasteur aliiona gliserini hiyo katika mchachuko miaka ya 1850. Divai ya kawaida ina gramu 5 mpaka 10 kwa lita. Ukizidisha sukari au chumvi inapanda kidogo, kwa sababu levire inajijaza gliserini isikauke, hapo ulisoma vizuri. Lakini inapanda kidogo tu, halafu levire inakufa, kama ulivyoona.

Ukitaka nyingi, usiisukume levire. Funga mlango wa kwanza.

Hiyo ilifanywa Ujerumani wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Waingereza walizuia meli, mafuta ya kula na ya sabuni yakakosekana, na bila mafuta hakuna gliserini, na bila gliserini hakuna nitrogliserini ya baruti. Mtaalamu mmoja, Carl Neuberg, alikuwa ameonyesha kwamba ukitia salfaiti (chumvi yenye kiberiti) katika mchachuko, salfaiti inaikamata asetaldehaidi na kuifunga. Mlango wa kwanza umefungwa. Baiskeli zote zikageukia mlango wa pili. Connstein na Lüdecke wakaifanya kuwa kazi ya kiwanda, wakafika tani 1000 za gliserini kwa mwezi, kwa sukari na levire.

Usikimbilie dukani bado. Fanya hesabu. Kila molekuli ya gliserini inadai molekuli moja ya salfaiti. Hapa kwetu utapata metabisalfaiti ya sodiamu, ile wanayotia kwenye juisi. Gramu 190 zinakupa, kama kila kitu kimekwenda sawa, gramu 184 za gliserini. Ni karibu gramu kwa gramu. Halafu, ukiimwaga katika juisi ya ndizi yenye asidi inageuka gesi kali inayoua levire na kubana kifua. Ndiyo kazi yake kwenye juisi, kuua wadudu. Lazima uitulize kwanza kwa bikaboneti, na uitie kidogo kidogo mchachuko ukishaanza. Na kinachotoka hapo mtu asinywe.

Tena kuna jambo ambalo vitabu vinaliweka mwisho na mimi ningeliweka mwanzo. Alkoli inachemka kwenye nyuzi 78, unaikamata kwa mvuke. Gliserini inachemka kwenye nyuzi 290. Haitoki. Inabaki chini pamoja na chumvi, mabaki ya sukari, maiti ya levire na rangi. Walioitengeneza vitani walihangaika kuitoa kuliko kuitengeneza.

Bidoni_ya_Panzi

Papa, aksanti sana. Nilichemshia nje, chini ya paa la jikoni, lakini nimesikia.

Puto: nilitia saa kumi na mbili ya jioni. Saa nne ya usiku lilikuwa limesimama wima kama mtu anayeitwa jina lake. Asubuhi lilipasuka, mtoto wa jirani akalia. Ni sukari. Kilo 4 zangu.

Lakini sijaacha. Nataka nione huo mlango wa pili kwa macho yangu hata mara moja. Nitapima vipi bila labo? Hapa nina mizani ya jikoni tu, ya kilo 5, inaonyesha gramu moja moja.

Papa_wa_Likasi

Mizani inatosha! Hii ndiyo sehemu ninayoipenda.

Mchachuko unapunguza uzito, kwa sababu gesi inatoka. Sukari ikipita mlango wa kwanza, kila molekuli ya glukosi inatoa gesi mara 2. Ikipita mlango wa pili kwa salfaiti, inatoa mara 1 tu. Kwa hiyo fanya madumu mawili sawasawa, moja bila salfaiti, moja nayo. Yapime kila asubuhi mpaka uzito usimame. Tofauti ya gesi, zidisha kwa 92, gawa kwa 44, unapata gramu za gliserini iliyozidi.

Usitumie juisi, tumia maji na sukari nyeupe ili ujue umeweka nini. Lakini levire haiishi kwa sukari pekee, inataka nitrojeni na vitamini, la sivyo itasimama njiani na kunuka yai bovu. Chemsha vijiko 2 vya levire katika maji robo saa, hiyo iliyokufa iwe chakula cha iliyo hai. Tikisa vizuri siku ya kwanza ipate hewa. Bukavu usiku kuna baridi, funika na blanketi. Na ukishatia bikaboneti pamoja na salfaiti, ngoja povu limalizike ndipo upime, maana hiyo nayo ni gesi na itakudanganya.

MamaSabuni (Goma)

Samahani naingilia wanaume wakiwa kwenye madumu yao. Mimi natengeneza sabuni hapa Goma, miaka 11 sasa, kwa mawese. Hizo baiskeli za Papa huku ni chukudu, zile za mbao, lakini nimeelewa.

Mwanangu wa Panzi, nani alikuambia gliserini inatoka kwenye sukari tu? Papa mwenyewe amesema: Wajerumani walikosa mafuta ndipo wakaenda kwenye sukari. Wewe hujakosa mafuta. Kila mafuta yana gliserini ndani yake, ndiyo inayoyashikilia. Ukiyapiga na soda kali, mafuta yanageuka sabuni na gliserini inaachiliwa. Kilo moja ya mawese inaachia gramu 100 hivi. Shangazi yako akinunua sabuni ya kufulia sokoni, mara nyingi hiyo gliserini imeshatolewa kwa chumvi ikauzwa pembeni. Ndiyo hiyo anairudia depo.

Bidoni_ya_Panzi

Mama, nimenyamaza kwanza. Nitakujibu, acha nimalize madumu.

*(baada ya wiki mbili na siku moja)*

Nimerudi. Madumu mawili, kila moja maji lita 3, sukari gramu 600, chakula cha levire iliyochemshwa, levire hai kijiko 1. Dumu la kwanza nililiita Eva, la pili, lenye salfaiti, Salfa. Metabisalfaiti nilimwomba kijana anayeuza juisi ya marakuja mtaa wa Essence, alinipimia gramu 60 kwa mkono wa kubana. Nilizigawa mara 4, kila mara na bikaboneti.

Asubuhi ya kwanza Eva alikuwa amepoteza gramu 41. Niliandika kwenye mlango kwa makaa. Shangazi akauliza gramu 41 zimekwenda wapi na dumu halina tundu. Nikamwambia zimeondoka kama hewa. Akanusa juu ya dumu, akarudi nyuma, akasema kumbe ndiyo maana mtumbwi wake wa kuchachushia kasiksi unamchoma pua.

Eva alisimama siku ya 9. Jumla alipoteza gramu 287. Kwa hesabu yangu sukari ile yote ikigeuka alkoli na gesi tupu ingekuwa gramu 309, kwa hiyo Eva alifanya kazi nzuri sana, sijawahi kuona mchachuko ukaisha hivyo, na levire ya mkate! Salfa alikwenda kwa kujikokota. Siku ya 3 nilidhani amekufa. Nilimfunika blanketi la pili, siku ya 5 akaanza tena. Alisimama siku ya 13, na jumla ni gramu 263.

Tofauti: 24. Mara 92, gawa kwa 44, gramu 50.

Papa, nilikaa nikaitazama hiyo 50. Nilifurahi nusu saa nzima. Halafu nikatoa kichupa cha shangazi. Chupa ya nusu lita ya gliserini ina uzito wa gramu 630. Nahitaji madumu zaidi ya 12 kama Salfa, sukari kilo 7 na zaidi, salfaiti karibu gramu 750, na hapo bado iko imeyeyuka ndani ya maji ya chumvi yanayonuka kiberiti. Sukari peke yake imeshapita bei ya depo. Na depo wanapata faida!

Swali langu la mwisho kwa Papa ni hili. Nasikia kuna watu wanatengeneza dawa kwa levire, hata insulini, hata ya malaria. Wao wanafanyaje isiwe hasara?

Papa_wa_Likasi

Gramu 50 kati ya 58 ambazo salfaiti yako gramu 60 ingeweza kukupa. Mwanangu, kwa madumu ya plastiki na blanketi! Ungekuwa kwenye chumba changu ningekununulia bia. Ongeza gramu 20 hivi za kawaida ambazo hata Eva anazo, hazionekani kwenye tofauti.

Insulini ni kweli, kuna inayotoka kwenye levire hii hii tuliyo nayo, ila imepewa jeni ya mtu. Hapo faida ni rahisi kuelewa, mgonjwa anahitaji miligramu chache tu za insulini kwa siku.

Ya malaria nitakusimulia vizuri kwa sababu inawahusu ninyi wa Bukavu, mlio na miti ya kwinini na kiwanda chake. Artemisinini inatoka kwenye mmea, Artemisia annua. Mmea unachukua miezi, bei inapanda na kushuka. Jay Keasling na wenzake kule Berkeley, Marekani, wakachukua jeni za mmea huo wakazitia katika levire, ili itoe asidi ya artemisini, ambayo baadaye inageuzwa dawa kwa kemia. Mwaka 2006 walitangaza kiasi kisichozidi miligramu 100 kwa lita. Mwaka 2013 ikawa gramu 25 kwa lita. Mara 250.

Walifanya nini katikati? Ndugu, ni kazi ile ile ya milango. Levire ina njia yake ya kutengeneza ergosteroli, mafuta ya ngozi yake. Njia ya dawa inaanzia humo humo, kisha inachepuka. Kwanza waliipanua barabara ya mwanzo ili mzigo mwingi uingie. Kisha wakaubana mlango wa ergosteroli. Hawakuufunga, maana bila ergosteroli levire inakufa, waliubana tu. Mwanzoni swichi ya kuubana ilikuwa methionini (asidi amino moja), na methionini ni ghali ukiwa na tangi kubwa. Wakabadilisha swichi, wakaweka inayosikia shaba. Kijiko cha salfeti ya shaba, mlango unabanwa. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu hapa Lubumbashi. Shaba yetu yote hii inapita mbele ya nyumba kwenye malori, na kumbe levire inaielewa.

Baada ya hapo levire ikaanza kuugua, kwa sababu kimeng'enya kimoja cha mmea kilikuwa kinafanya kazi nusu na kumwaga uchafu wenye sumu ndani. Wakarudi kwenye mmea, wakatafuta wasaidizi wake wa asili, wakawaongeza. Afya ikarudi, mavuno yakapanda. Kwa hiyo ukiona levire inaugua usiipige kwa sukari kama ulivyofanya, angalia kwanza inakwama wapi.

Na sasa sikiliza: hata wao walipambana na lile jambo la mwisho, kuitoa. Asidi ile ilikuwa inaganda nje ya seli. Wakamwaga mafuta juu ya mchachuko, bidhaa ikahamia kwenye mafuta, wakakamua mafuta. Kama mama anavyoengua mafuta juu ya mchuzi.

Kuhusu hasara, sitakudanganya. Teknolojia ilifanya kazi, kiwanda kikaanza kazi Italia, kikatoa dawa. Halafu wakulima wa artemisia wakapanda nyingi, bei ya mmea ikashuka, na tangi likashindwa na shamba. Gliserini yako nayo ilishindwa mara mbili: baada ya vita mafuta yaliporudi, na miaka hii ya dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Kila tani ya dizeli hiyo inaacha karibu kilo 100 za gliserini. Depo ya Nyawera inauza mabaki ya watu, ndiyo maana huwezi kushindana nao.

Wa_Kadutu

Kwa hiyo Salfa anamwagwa?

Bidoni_ya_Panzi

Salfa nimemwaga kwenye shimo la choo. Eva, shangazi alimchukua. Sijauliza.

Lakini kuna kitu kimebaki. Shangazi ameniomba nimtilie kile «chakula cha levire» kwenye kasiksi yake na nimpimie mtumbwi. Mtumbwi haupimiki, basi tunatoa chupa moja ya lita moja na nusu asubuhi, tunaiweka kwenye mizani, anaitazama hiyo kabla ya kusema kasiksi imeiva. Zamani aliweka sikio. Bado anaweka sikio, kisha anakuja kuuliza mizani imesemaje. Mpaka sasa sikio linaongoza.

Mama Sabuni, sasa nakuja kwako. Umesema kilo ya mawese inaachia gramu 100. Dumu zima la Salfa lilinipa 50. Ile gliserini unaitoaje kwenye sabuni? Chumvi unatia kiasi gani? Ninaweza kumletea shangazi?

MamaSabuni (Goma)

Karibu nyumbani, mwanangu.

Kuitoa ni hivi: unachemsha sabuni mpaka iwe laini kama uji, unamwaga chumvi nyingi huku unakoroga, sabuni inaikimbia chumvi na kupanda juu, chini yanabaki maji ya rangi ya chai. Gliserini iko humo. Lakini iko na chumvi, na soda iliyobaki, na uchafu wa mawese. Hiyo usimpake mtoto hata kidogo, itamchoma. Kuisafisha mpaka ifanane na ya depo kunataka mtambo wa kuchemsha bila hewa, hiyo mimi sina na wewe huna. Papa amekuambia mwenyewe, nyuzi 290.

Nilijaribu mwaka wangu wa pili. Nilipata nusu chupa ya kitu cheusi na nikaunguza sufuria ya mkwe wangu. Tangu hapo siitoi. Mafuta na soda nazipima kwa mizani, nachanganya zikiwa vuguvugu tu, sichemshi, situmii chumvi, nakata baada ya siku 2, naiacha ikauke wiki 4. Gliserini yote inabaki ndani ya kipande. Mikono haikauki. Wamama wenye watoto wachanga wanakuja na majina yao kwenye daftari kabla sijakata.

Mlete shangazi siku boti inapokuja, ama njoo wewe. Ila soda kali ni soda kali: glavu, miwani, soda ndiyo inatiwa kwenye maji, si maji kwenye soda, na mtoto wa jirani na maputo yake abaki Panzi.

Bidoni_ya_Panzi

Shangazi anauliza: mawese ya Uvira yanafaa, ama lazima yawe yaliyosafishwa?

MamaSabuni (Goma)

Mekundu yanafaa, sabuni itatoka rangi ya chungwa. Mwambie alete lita 5 na asinunue ya juu ya pipa, anunue ya katikati.